Kuchagua njia ya kupitisha nyaya za mashine za gereji Mtwara na Lindi

Gereji nyingi za kusini zimefungwa umeme kama nyumba ya kuishi: nyaya bapa zimepigwa klipu ukutani, kisha kompresa na lifti zikaungwa humo humo baadaye. Ukitaka kufunga vizuri, usianze na bei ya paipu. Tembea njia nzima kuanzia kwenye bodi ya breka mpaka kwenye mashine, na kila baada ya hatua chache ujiulize kitu gani kitauharibu waya hapo: joto la bati, chumvi ya bahari, petroli, asidi, au bampa la gari linalorudi nyuma. Jibu la darini silo jibu la chini, kwa hiyo sakiti moja inaweza kuhitaji njia mbili au tatu.

Kabla ya kuchagua njia, jua mzigo. Soma kibao cha mota. Mota ya kW 2.2 ya fezi moja, yaani karibu farasi 3, hula kama ampea 15. Ya fezi tatu yenye nguvu hiyo hiyo hula kama ampea 5 tu kwa kila fezi. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 hadi 7 ya kiasi hicho, na hapo ndipo kosa la saizi ya waya huonekana. Chukua kompresa ya fezi moja iliyo mita 25 kutoka kwenye bodi. Waya wa shaba wa mm² 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kompresa ikishakaa sawa kwenye mwendo wake, waya unapoteza volti 7 hivi, hakuna shida. Wakati wa kuanza, kwa ampea 75, unaweza kupoteza zaidi ya volti 30. Mota inaguna, haizunguki, inapata moto, na breka inaruka. Tumia mm² 6 na upotevu unashuka hadi volti 14 hivi.

Breka ikiruka kila kompresa inapoanza, wengi huweka ya ampea 32 juu ya waya ule ule wa 2.5. Hiyo ni hatari ya moto. Badilisha aina, si ukubwa: breka ya aina B huruka haraka kwenye mara 3 hadi 5 ya ampea zake, ya aina C kwenye mara 5 hadi 10. Kwa mota weka C.

Sasa joto. Chini ya bati bila dari, saa nane mchana, hewa inaweza kufika nyuzi 50. Waya wa PVC wa mm² 2.5 ndani ya paipu, unaobeba ampea 24 kwenye nyuzi 30, hapo unabeba 17 tu. Breka ya ampea 20 haiulindi tena. Ama shusha njia ipite ukutani chini ya usawa wa kenchi, ama panda hadi mm² 4. Kushusha ni bora, maana fundi wa kesho atafikia bila kutambaa juu ya bati la moto.

Kwa Shangani, Mikindani na Lindi mjini, paipu nzito za PVC za milimita 20 au 25 zilizofungwa juu ya ukuta ndizo chaguo la kwanza kwa sehemu kubwa ya njia. Paipu za chuma zilizopakwa zinki ni imara, lakini ukikata hesi (meno ya kuungia paipu) unaondoa zinki pale pale, na kutu huanzia kwenye maungio. Ni maungio hayo hayo yanayotegemewa kubeba ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ukiwa Masasi, Newala au Nachingwea, mbali na upepo wa chumvi, chuma ni chaguo zuri kabisa. Pwani, kitumie kwenye mita moja na nusu ya chini tu, pale gari au jeki inapoweza kugonga, paka rangi ya zinki kwenye kila hesi, na pitisha waya wa ethi ndani yake hata hivyo.

PVC nayo ina lake. Mita 6 zilizonyooka hurefuka kama milimita 10 joto likipanda nyuzi 25. Ukiganda kila kiungio kwa gundi, paipu inajikunja kama upinde na kung'oa klipu. Weka kiungio kimoja kisicho na gundi kila mita 6, na klipu kila mita moja.

Kutoka kwenye mita ya umeme hadi gereji iliyo ng'ambo ya uwanja, fukia kebo yenye nyuzi za chuma. Chimba angalau sentimita 60, kwa sababu malori ya korosho yatapita juu. Laza mchanga, kebo, mchanga tena, kisha utepe wa onyo. Mwishoni mwa kebo nyuzi za chuma lazima zikamatwe na glandi (kibano cha kuingizia kebo kwenye boksi), si kukatwa na kuachwa zikining'inia ndani ya boksi. Kaza glandi, unganisha ethi yake, funika kwa kofia ya plastiki.

Nusu mita ya mwisho kwenye kompresa iwe paipu nyumbufu. Mtikisiko huvunja paipu ngumu kwenye shingo ya boksi la mota. Kwa lifti ya nguzo mbili, shuka kutoka juu hadi kwenye nguzo yenye mota. Usikate sakafu katikati ya nguzo. Kila mashine iwe na swichi yake ya kukatia umeme inayoonekana kutoka pale fundi anapofanyia kazi.

Shimo la kukagulia magari ni sehemu ya kuiogopa kweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa humo. Usipitishe nyaya wala kuweka soketi ndani. Mwanga uje kutoka juu. Soketi za ukutani ziwe mita moja kutoka sakafuni. Kona ya betri ni kinyume chake: haidrojeni hupanda, kwa hiyo swichi na soketi zisikae juu ya betri, na hapo PVC pekee, kwani asidi hula chuma.

Kuhusu ethi: ikiwa fimbo yako ya ethi iliyo ardhini ina ukinzani wa omu 20, hitilafu itapitisha ampea 11 hivi tu. Breka ya 20 haitaruka, na mwili wa mashine utabaki na umeme. Mchanga mkavu wa pwani hupandisha omu hizo zaidi. Ndiyo maana RCD, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, ni ya lazima: ya milliampea 30 kwa soketi zote, na mashine zisizohamishika nazo zisikose RCD.

Kabla ya kuwasha, fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ukinzani wa ganda la nyaya kwa volti 500. Chini ya megaomu 1 usiwashe. Bonyeza kitufe cha kujaribu cha RCD. Lifti ya fezi tatu ikiunguruma bila kupanda, huenda mota inazunguka kinyume: zima, badilishana nyaya mbili za fezi, jaribu tena bila gari juu yake.