Somo: Kuchagua njia za mlimani kwa mwenzako anayeanza

Mara ya kwanza kwenda mlimani na mke wangu, nilichagua njia niliyoipenda mimi: kilomita 18, mwinuko wa mita 900. Kupanda alipanda vizuri, tena kwa furaha. Kuteremka ndiko kulikomshinda. Mapaja yalitetemeka, vidole viligonga ncha ya kiatu kila hatua, na saa ya mwisho alishuka ubavu ubavu huku amenishika bega. Kucha mbili zikawa nyeusi. Miezi ikapita kabla hajakubali kutoka tena, na kosa lilikuwa langu. Utaratibu ufuatao ndio niliokuja kuushika baadaye.

Hatua ya 1: Tazama mwinuko kabla ya kilomita

Wengi huuliza kwanza, "Ni kilomita ngapi?" Kwa mgeni jibu la swali hilo hudanganya. Ulizia jumla ya mita mnazopanda siku nzima. Tofauti ya kimo kati ya mwanzo na kilele haitoshi, maana njia inayopita vilima vitatu inakupandisha mara tatu.

Kukadiria muda, iko kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mwinuko wa mita 300 zinakuja saa mbili na dakika kama sita. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye mazoezi, asiyepumzika. Kwa anayeanza mimi huzidisha kwa moja na nusu, napata saa tatu na dakika kumi hivi, ndipo naongeza mapumziko.

Hatua ya 2: Ongeza kitu kimoja tu kwa safari

Ugumu una mambo matatu: umbali, mwinuko na aina ya ardhi. Ukiyapandisha yote kwa pamoja, mwenzako akishindwa hutajua ni lipi lililomshinda. Mimi nafuata mpangilio huu (ya pili tu, kwa kuwa bado ni nyepesi, huongeza umbali na mwinuko pamoja):

- Safari ya 1: km 5 hadi 6, mwinuko chini ya m 150, njia laini.
- Safari ya 2: km 8, m 300.
- Safari ya 3: km 8 zile zile, m 500.
- Safari ya 4: km 12, m 500.
- Safari ya 5: rudieni ya tatu au ya nne, ila kwenye mawe na mizizi.
- Safari ya 6: km 12, m 800.

Kurudia ngazi si kushindwa. Mke wangu alirudia ya tatu mara tatu, na mara hiyo ya mwisho ndipo aliponiuliza mwenyewe, "Na ile inayofuata?"

Hatua ya 3: Anayeanza atangulie

Ukitangulia wewe, utamwacha, utasimama kumngoja, na akifika tu unainuka kuendelea. Wewe umepumzika, yeye bado. Akikaa mbele, mwendo ni wake. Kipimo ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mwambie apunguze.

Hatua ya 4: Miguu

Hapa sina haraka. Kabla ya kutoka, avae kiatu bila kufunga kamba, asukume mguu mbele hadi vidole viguse ncha. Kidole chako kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Kisipoingia, kiatu hicho kitamwumiza kwenye mteremko. Njiani, akisema tu "kisigino kinawaka", simameni hapo hapo. Vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta. Ukisubiri hadi kituo kijacho utakuta lengelenge. Mkianza kuteremka, kaza kamba kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele.

Hatua ya 5: Saa ya kugeuka

Kubalianeni nyumbani saa ya kurudi, mmefika kileleni hamjafika. Tochi iwe begini hata kama mnategemea kurudi mchana.

Hatua ya 6: Muulize siku ya pili

Jioni ile ile atakwambia yuko sawa. Maumivu ya misuli hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo uliza baadaye. Mapaja yakiuma kisha yakatulia, songeni. Goti likiuma kwa ndani au kuvimba, pumzikeni, na lisipopona amwone daktari.

Maswali ninayoulizwa

*Mwenzangu hukimbia kilomita 10 kila wiki. Tuanzie safari ya nne?*
Anzeni ya pili. Pumzi anayo, lakini kwenye mteremko misuli ya mapaja inavutwa huku ikizuia uzito wa mwili, na mkimbiaji wa tambarare hajaizoesha kazi hiyo.

*Anaogopa sana kingo za mlima. Nifanyeje?*
Hofu hiyo haiponi kwa kusukumwa. Chagua njia pana zenye miti pembeni, na umweleze mapema kila sehemu iliyo wazi ili aamue mwenyewe.

*Kuna mlima wa mita 3,000 una njia fupi. Unafaa kwa safari ya tatu?*
Hapana. Kuanzia kama mita 2,500 ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, hata mwenye mazoezi. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, msiendelee kupanda. Hali ikizidi, teremkeni mara moja. Baridi nayo huongezeka, nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000.

*Na mimi mzoefu nitapata mazoezi wapi?*
Beba maji ya wote wawili, chakula na makoti. Nusu lita kwa saa kwa kila mtu, safari ya saa tano ni lita tano. Hizo ni kilo tano mgongoni kabla hujaweka kitu kingine.