Pima shingo ya gitaa kabla ya kukaza chochote
Nyuzi sita za gitaa la umeme zikishatyuniwa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 45, mchana na usiku. Ndiyo maana ndani yake kuna ufito wa chuma. Usiuguse kwa kubahatisha! Bana uzi mnene kwenye freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama freti ya 7: pengo la milimita 0.2 hadi 0.3 kati ya uzi na freti hiyo linatosha. Likizidi, kaza nati ya ule ufito robo mzunguko tu, tyuni upya, pima tena kesho, maana mbao hujibu polepole. Nati ikigoma, usiilazimishe, mwone fundi. Na tafadhali, usiliache gitaa garini juani.