Mshipi Ukikatika, Tazama Ncha Yake: Mwongozo wa Kuanza Kuvua Baharini kwa Mshipi wa Mkono

Samaki wa kwanza mkubwa niliyemnasa katika ufukwe wa kusini mwa Tanga sikumwona. Alivuta mara mbili, mshipi ukalegea, nami nikaanza kuukunja kwa hasira ili nikanunue mwingine mnene zaidi. Mzee aliyekuwa akivua kando yangu akanizuia: "Usiutupe, mwanangu. Nionyeshe ncha." Ncha ilikuwa imejipinda kama mkia wa kinyonga. Mshipi haukukatika hata kidogo. Fundo langu ndilo lililofyatuka, na nailoni ikabaki na umbo la mizunguko niliyoifunga vibaya.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba anayeanza hana haja ya kuhangaikia ufito wa bei kubwa wala mashine ya kukunjia mshipi. Kinachoamua kama utarudi na kitoweo ni ile meta moja ya mwisho iliyo karibu na ndoana, na makosa yake hujiandika kwenye ncha. Ncha iliyojipinda ni kosa la fundo. Ncha yenye manyoya, iliyopauka na kukwaruzika kwa urefu wa sentimeta kadhaa, imesuguliwa na matumbawe. Ncha iliyokatwa safi kama kwa wembe imepita kwenye meno, na mara nyingi ni meno ya mzia au nguru.

Tuanze na fundo. Pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi mkuu mara tano, irudishe katika kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha uipitishe tena katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza wakati wa kuirudisha. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika mahali pale pale unapoitegemea. Vuta polepole hadi mizunguko ilale sambamba, bila mmoja kupanda juu ya mwenzake, halafu kata ncha ukibakiza milimita tatu hivi. Kwa mshipi mnene wa milimita 0.80 au zaidi, mizunguko mitatu au minne inatosha, maana mitano haikazi vizuri. Mwishowe ingiza ndoana kwenye kitu imara na uvute kwa nguvu. Fundo likifyatuka nchi kavu, umeokoa samaki.

Kwa kuvulia changu, tasi na chewa wadogo kutoka mwambani au kwenye mtumbwi usiokwenda mbali, mshipi wa milimita 0.50 hadi 0.70 unamtosha anayeanza. Mwembamba zaidi ya hapo hukata vidole, na mnene zaidi humpunguzia mtu uwezo wa kuhisi samaki akidonoa. Ndoana huwachanganya wengi kwa namba zake: katika ndoana ndogo za kawaida, namba ikiongezeka ndoana hupungua, kwa hiyo namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, lakini zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 2/0 na 5/0, hukua kadiri namba inavyopanda. Ndoana yoyote, hata mpya kutoka dukani, ijaribiwe kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, na inahitaji kupitishwa tupa ndogo mara mbili tatu. Ikikwama, iko tayari.

Namna ya kupanga zana hizo inategemea sakafu ya bahari. Penye matumbawe, chubwi, yaani kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, hukaa chini kabisa na ndoana moja au mbili hukaa juu yake, kila moja kwenye kipande chake cha mshipi chenye urefu wa sentimeta 20 hadi 30, ili chambo kielee juu ya mawe badala ya kuburutwa humo. Chubwi lenyewe lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu. Likinasa katika ufa, uzi huo ndio utakaokatika, nawe utapoteza kipande cha risasi tu, huku ndoana zako zikirudi pamoja na samaki aliyekwisha kunasa. Sijui kwa nini ujanja huu rahisi hauenei zaidi. Nimewaona watu wakipoteza zana nzima mara nne kwa asubuhi moja na kuilaumu bahari. Penye mchanga mtupu hakuna haja ya hayo: acha chubwi lenye tundu liteleze kwenye mshipi, ulizuie kwa fundo nusu meta juu ya ndoana, ili samaki abebe chambo bila kuhisi uzito.

Uzito wa chubwi hauna namba moja ya kudumu. Lililo sahihi ni lile jepesi kuliko yote ambalo bado linafika chini na kutulia. Mkondo ukiwa mkali gramu 100 zinaweza kuwa chache, na maji yakitulia hata 30 ni nyingi.

Chambo cha kutegemewa ni ngisi, kwa sababu nyama yake ni ngumu na haichomolewi kirahisi na samaki wadogo. Mkate vipande vyembamba vyenye urefu wa kidole, uchome kipande mara moja au mbili karibu na ncha yake moja, na upande wa pili uuache ukining'inia. Ncha ya ndoana lazima ionekane. Wageni wengi huizika ndani ya nyama wakidhani wanamficha samaki mtego, na matokeo yake ndoana haina nafasi ya kushika. Dagaa na vipande vya kibua hunukia zaidi lakini hulainika upesi. Vinyunyizie chumvi tangu usiku na kuviweka kivulini, vitakazika.

Maji ndiyo yanayopanga ratiba. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua, ambapo maji hupanda sana, hushuka sana na kukimbia kwa kasi. Katikati yake huja maji mafu, ambayo humfaa zaidi anayejifunza kuvua penye kina, kwa kuwa mshipi husimama wima na mkono huhisi kila kitu. Ukivua kutoka ufukweni au mwambani, saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa ya kwanza ya kupwa ndizo zenye samaki wengi, hasa zikiangukia alfajiri au machweo, kwani samaki huyafuata maji yanapofunika mwamba ili wale. Ila kwa aliyetembea juu ya mwamba wakati wa bamvua, kujaa ndiko kwenye hatari: maji hayaji kutoka mbele peke yake, bali huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Ukiona mfereji uliouvuka kwa miguu umeanza kujaa, rudi, hata kama samaki wanadonoa.

Sasa mkono. Usiuzungushe mshipi kiganjani wala kwenye kifundo cha mkono, hata kwa sekunde moja, kwa sababu kolekole wa kilo tano akikimbia ghafla huwezi kuufungua. Uache ulale juu ya kidole cha shahada, kilichovikwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na uliobaki ukae umejikunja katika beseni lisilo na kitu kingine cha kuunasa. Changu hudonoa kwa kugonga-gonga. Subiri kugonga huko kugeuke kuwa mvuto, ndipo uvute kwa urefu wa mkono. Chewa hugonga mara moja kwa uzito na kugeuka kwenda pangoni mwake, na hapo kuna meta mbili tu za kushindania: mvute haraka bila kumpa nafasi. Akiwahi kuingia, usishindane naye, kwani hutanua mashavu na mapezi akajikaza, nawe utaishia na ile ncha yenye manyoya. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika tano au zaidi, na mara nyingi hutoka mwenyewe. Ukitumia ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, usivute kwa kushtukiza. Kaza mshipi taratibu, nayo itajishika kwenye pembe ya mdomo.

Ukiona ncha zilizokatwa safi zinajirudia, ongeza sentimeta 30 za waya mwembamba kabla ya ndoana, lakini usiuweke bila sababu, kwa kuwa changu huuona na kuukwepa.

Kuna samaki wa kushikwa kwa tahadhari. Ngogo ana miiba yenye sumu mgongoni na kwenye mapezi ya kando, kwa hiyo mbane kwa koleo au ukate mshipi. Akikuchoma, zamisha jeraha katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kisha uende hospitali. Bunju anayejijaza upepo asiliwe kwa hali yoyote, maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Kabla ya safari ya kwanza, muulize ofisa uvuvi wa eneo au viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukwe, kuhusu leseni na mipaka. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam ni maeneo tengefu, yaani yaliyotengwa kwa hifadhi ya bahari. Kule kusini mwa Kenya, uvuvi umepigwa marufuku katika hifadhi ya bahari ya Kisite, ilhali ile ya Mpunguti, iliyo jirani yake, huruhusu uvuvi wa asili.

Ukirudi nyumbani, suuza ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uzianike kabla ya kuzifunika. Kisha pitisha meta ile ya mwisho ya mshipi kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo wowote, hata kama samaki wa siku hiyo walipanda wote, ikate na ufunge fundo jipya asubuhi, ukiwa na mwanga wa kutosha.