Usizipite tu F2 na F4

Safu ya F1 hadi F12 juu ya kibodi wengi hatuigusi kabisa, na ni hasara kweli. Anza na F2: kwenye Windows, chagua faili, bonyeza, jina linafunguka hapohapo ulibadilishe. Ndani ya Excel inakuingiza kwenye seli (kisanduku kimoja cha jedwali) urekebishe kilichomo bila kuandika upya.

Ninayoipenda zaidi ni F4. Umepaka seli moja rangi ya njano? Nenda kwenye nyingine, bonyeza F4, nayo inapakwa. Ukiwa katikati ya fomula, kishale cha kuandikia kikiwa kwenye A1, F4 inaigeuza kuwa $A$1, kisha A$1, kisha $A1, halafu inarudi A1; alama ya $ hufunga herufi au namba inayoifuata isibadilike ukinakili. Anayenakili fomula kila siku ataielewa raha yake.

Umeandika aya nzima Caps Lock ikiwa imewaka? Usiifute. Kwenye Word ichague, bonyeza Shift na F3 mpaka herufi zikae unavyotaka.

Na vitufe vya mishale vikianza kusogeza ukurasa wa Excel badala ya kuhama seli, hiyo ni Scroll Lock imewaka, izime tu. Kwenye laptopu nyingi, shikilia Fn kwanza ndipo vitufe vya F vifanye kazi hizi.