Ukienda konventi ya Santa Catalina Arequipa, usiache kuchungulia jikoni

Wengi wakifika Santa Catalina, kule Arequipa nchini Peru, wanapiga picha za kuta nyekundu na za bluu afu huyoo, wametoka. Picha piga tu, kuta zinavutia kweli, ila kama unataka kuielewa historia ya ile nyumba ya watawa, zunguka na swali moja kichwani: humu kazi alikuwa anafanya nani?

Ilianzishwa 1579, enzi za ukoloni wa Wahispania, na mwanzilishi ni María de Guzmán, mjane mwenye pesa zake. Wengi walioingia baada yake ni mabinti wa matajiri, maana familia ilibidi itoe mali ndo binti apokelewe. Ndani ni mji kabisa, vichochoro vinaitwa Toledo, Sevilla, Burgos, yaani Hispania imehamishiwa humo.

Anza chumba cha kuongea na wageni. Mtawa upande wake, ndugu upande wao, katikati kizuizi chenye matundu madogo, walikuwa wanaongea bila kushikana hata mkono, na zawadi ilikuwa inapitishwa kwenye kabati la mbao linalozunguka.

Ukitoka hapo nenda vyumba vya masista, na usitegemee vijichumba, mwenye uwezo alikuwa na nyumba yake na jiko lake (umaskini wa nadhiri sijui waliuweka wapi). Ingia hilo jiko, inua macho uone masizi, afu jiulize. Aliyekuwa anapuliza moto hapo ni mtumishi, na wengine walikuwa watumwa.

Mwisho wa mtaa wa Toledo kuna sehemu ya kufulia, hapo usiwe na haraka. Kuna mitungi mikubwa 20 ya udongo, imekatwa nusu na kulazwa kandokando ya mfereji, aliyekuwa anafua aliziba mfereji kwa mkono maji yakageukia kwenye mtungi wake, kazi imeisha.

Bweni kubwa liache mwisho. 1871 Sista Josefa Cadena alikuja kunyoosha mambo, mtindo wa kila mtawa kuwa na watumishi wake ukakomeshwa, masista wakaanza kula na kulala pamoja. Siku hizi humo kuna michoro ya dini, ila we pima kwa macho ukubwa wa ukumbi ulinganishe na zile nyumba za mtu mmojammoja ulizotoka kuona.

Wageni walianza kuruhusiwa 1970 na masista wachache bado wanaishi upande mmoja, kwa hiyo ukikuta mlango umefungwa usiusukume.