Kubandika picha kwenye boti ya faiba: kazi yote iko kwenye kingo

Mwenye boti akinijia na picha kwenye simu, swali langu la kwanza ni boti yake ni ya nini. Ikiwa ni ya mbao, dau au mashua iliyopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, namwelekeza kwa mchoraji wa rangi. Ubao hunywa maji na kuyatoa, kalafati, pamba inayoziba nafasi za mbao, hucheza, na mafuta hayo hayakubali gundi yoyote. Ninayoeleza hapa ni ya boti za faiba, kama zile za watalii Watamu, au za mwendo kasi zinazovusha watu kati ya Mokowe na Lamu.

Picha itumwe kama dokumenti, au iletwe kwenye flashi. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na kilichobanwa hakirudi. Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukiikuza hadi upana wa mita 1, inabaki na pikseli kama 100 kwa kila inchi, na mtu aliyesimama jetini, kwenye gati, ataiona safi. Ukiivuta hadi mita 2 zinabaki 50: kwa mbali itapendeza, lakini abiria anayepanda ataona ukungu. Mimi hupenda picha yenyewe isizidi mita moja na nusu, na ubavu uliobaki ujazwe rangi moja inayofifia taratibu kutoka kwenye picha.

Uso wa mtu au samaki uelekee omo, yaani mbele ya chombo, ili chombo kikienda naye aonekane anakwenda. Ubavu wa pili picha inageuzwa, ila kama kuna maandishi, hata yaliyo kwenye fulana, usigeuze, yatasomeka kinyumenyume. Tafuta picha nyingine. Na kama ni picha ya mtu, hasa mtoto, ruhusa iombwe kabla ya kuchapisha. Boti inapita mbele ya mji mzima.

Sasa vainili, ile plastiki nyembamba yenye gundi ambayo picha huchapishwa juu yake. Dukani kuna za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Ya rola hutandazwa kwa nguvu kiwandani, na ikipigwa na jua hutaka kurudi ilikotoka. Ndipo unapoona ukingo umejikunja na kuacha mstari wa gundi ulionasa vumbi. Ya kasti humiminwa ikiwa majimaji ikakauka ilivyo, unene wake kama mikroni 50, nayo hulala kwenye mikunjo ya faiba bila kujivuta. Kwa boti, nunua kasti, na lamineti, plastiki angavu ya juu inayolinda picha, iwe kasti pia. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, omba karatasi ya maelezo ya bidhaa. Ikishachapishwa kwa wino wa solventi, iache ipumue saa 24 au zaidi kabla ya lamineti, bila kukazwa kwenye rola. Wino ukifungiwa mbichi, hewa yake inapenya chini na kulegeza gundi.

Usafi ndio unaokula siku. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji matamu mpaka chumvi iishe. Kisha pitisha kiganja kwenye ubavu: kikitoka na unga mweupe, faiba imechakaa juu, na chochote utakachobandika kitashika unga, si boti. Uondoe kwa msasa laini wa maji, kisha ng'arisha. Boti mpya nayo ina nta iliyotoka kwenye kalibu, haionekani kwa jicho. Mwagia maji kidogo uangalie. Yakijikusanya matone, nta bado ipo. Yakitandaa yakafunika sawasawa, umefika. Malizia kwa spiriti na vitambaa viwili, kimoja kinapaka, kingine kinafuta kabla haijakauka. Petroli usiiguse, inaacha utando wa mafuta.

Anza asubuhi na mapema, boti ikiwa imepandishwa nchi kavu, chini ya turubai. Jua likishapanda, faiba ya rangi nzito inachoma mkono, na gundi inashika kabla hujanyoosha. Siku ya upepo mkali acha kazi, mchanga utaingia.

Kipande kishikilie kwa maskin-tepu, kisha rudi nyuma hatua kadhaa ukitazame kikiwa pamoja na boti nzima. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, usiibandue yote. Kibapa cha plastiki kilichovishwa kitambaa kilale kama nyuzi 45, kitoke katikati kwenda pembeni, kila pigo likilalia lililotangulia. Vainili yenye njia za hewa kwenye gundi yake ibandike kavu. Maji ya sabuni yanaziba njia hizo. Kiputo kilichobaki toboa kwa sindano, usikate.

Anza kwenye tezi, yaani nyuma, uje omo, ili kipande cha mbele kilalie cha nyuma kwa sentimita 1 hivi, na cha juu kilalie cha chini, kama mabati ya paa. Maji yakipita yatateleza juu ya ukingo. Ukifanya kinyume, kila wimbi litakuwa linajaribu kuufungua. Pembe zote zikate mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Na usikatie wembe juu ya faiba. Tumia uzi wa kukatia: unaubandika kwanza kwenye boti, vainili inakuja juu yake, kisha unauvuta nao unaikata kutoka chini, faiba ikibaki nzima.

Mpaka wa chini uupime boti ikiwa imebeba abiria wote na tangi limejaa, kisha panda juu ya alama hiyo upana wa kiganja. Vainili haikutengenezwa kulala ndani ya maji. Mahali boti inaposugua matairi ya jeti pia paachwe, na jina na namba ya usajili zisifunikwe. Wakaguzi wa Kenya Maritime Authority wanapaswa kuzisoma.

Ukimaliza, pitisha hita kwenye mikunjo na kingo hadi nyuzi 90 au 100, ukiangalia kwa kipimajoto cha miale. Joto hilo ndilo linaloifanya kasti isahau kuvutwa. Kisha kingo zinazoelekea omo na za chini zipake dawa ya kuziba. Kabla ya kushusha boti majini, ipe siku nzima.

Kuosha ni kitambaa laini na sabuni, na maji matamu kila jioni ya safari. Mashine ya presha isimame mbali, wala isielekezwe kwenye ukingo. Picha ya juu ya paa itapauka mapema kuliko ya ubavuni, kwa kuwa jua la saa sita linaipiga wima. Huko weka rangi tupu. Lamineti ikianza kupasuka nyufa ndogondogo, ibandue wakati huo, usingoje. Pasha moto, vuta polepole ukiilaza nyuma, na gundi iliyobaki ifute kwa spiriti.