Somo: Kabati la vyombo vya karakana, na mlango uliopasuka

Kabati la kwanza nililotengenezea karakana yangu, hapa Walukuba, Jinja, nililifunga ukutani mwezi wa Aprili. Kila mlango ulikuwa na ubao mmoja wa musizi, upana futi moja, ndani ya fremu. Niliupaka gundi pande zote nne ili usicheze. Asubuhi moja ya Januari nilisikia mlio kama tawi kavu linavunjika. Ubao ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, ufa wa kupitisha sarafu. Fremu ilikuwa salama, gundi imeshika barabara. Gundi yangu ndiyo iliyoupasua.

Mbao hunywa unyevu wa hewa hata baada ya kukauka. Mvua za Machi hadi Mei zikija, hutanuka. Jua la Desemba hadi Februari likiwaka, husinyaa. Lakini husinyaa kwa upana na unene tu, kukata nyuzi. Kwa urefu karibu haibadiliki. Ukiufunga ubao mpana usiweze kusogea, utajipasua wenyewe. Kabati la pili nililitengeneza kwa kulikumbuka hilo kila hatua.

Vipimo na mbao
Kimo sentimita 90, upana 80, kina 30. Sanduku ni la plaiwudi ya milimita 18, kwa sababu tabaka zake zimepishana nyuzi na hivyo haichezi na majira. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha. Mgongo ni plaiwudi ya milimita 6. Mbao halisi nilibakiza kwa milango: musizi ni mwepesi na unakubali randa. Kalitunsi (mkaratusi) sikushauri kwa milango, hupinda sana ikikauka.

Kukata
Pasua karatasi iwe vipande virefu vya sentimita 30. Kata mbavu mbili (pande za kushoto na kulia) za milimita 900, kisha juu, chini na rafu mbili, vyote milimita 764 (yaani 800 ukitoa unene wa mbavu mbili). Usichore vipande vyote kwa mfululizo halafu ukate. Msumeno hula karibu milimita 3 kila unapopita. Mimi nilichora vyote, na rafu ya mwisho ikatoka fupi. Chora kimoja, kata, ndipo uchore kinachofuata. Mbavu zilaze pamoja, uzilinganishe kwa randa hadi kidole kisihisi tofauti.

Kuunga sanduku
Toboa kwanza, ndipo uingize skrubu, la sivyo ukingo wa plaiwudi utafunguka tabaka. Gundi, skrubu tatu za inchi 2 kila kiungo.

Sasa usiondoke. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Kwa kabati hili kila ulalo uwe karibu milimita 1204. Guniya, kile kipimo cha pembe mraba, inaweza kukudanganya kwenye pembe moja, ila ulalo ukilingana sanduku limenyooka. Mmoja ukizidi, zungusha kamba kwenye pembe zake mbili, tia kijiti, uisokote taratibu hadi ulingane. Hapo hapo pigilia mgongo, maana ndio utakaolishikilia lisiyumbe.

Milango
Kila mlango una upana wa milimita 398, fremu ya mbao za sentimita 6. Chimba mfuo, yaani mfereji mwembamba wa kushika ubao, wa kina cha milimita 10 ndani ya fremu. Ukitengeneza wakati wa kiangazi, ubao uingie milimita 7 tu kila upande, ubakiwe na nafasi ya kutanuka. Wakati wa mvua umeshatanuka, unaweza kuingia karibu wote. Gundi ipake kwenye ndimi za fremu (ncha zinazoingia kwenye viungo) peke yake. Ubao ubaki mkavu, ukae huru.

Paka ubao vanishi kabla ya kuufungia. Ukipaka baadaye, Januari utasinyaa na kuonyesha mstari mweupe kando ya fremu.

Kutundika
Pasua ubao mmoja kwa urefu, msumeno ukiinama digrii 45, nusu uifunge mgongoni mwa kabati, nusu ukutani, zikumbatiane. Vyombo ni vizito, usitegemee misumari.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Arua: Fundi, sina chombo cha kuchimba mfuo. Nifanyeje?*
Ndugu yangu, kila upande wa fremu tumia fito mbili, moja mbele na moja nyuma ya ubao. Misumari iingie kwenye fremu, isiguse ubao.

*Mwanachama wa Mbale: Mlango wangu unashika kila mvua ikianza. Niupige randa?*
Bado. Kwanza tikisa bawaba. Skrubu zikiwa zimelegea, jaza matundu kwa njiti za kiberiti na gundi, ziache zikauke, ndipo urudishe skrubu. Ukikuta bawaba ni imara, punguza kwa randa, nyembamba kama unyoya, ukijaribu kila mara.

*Mwanachama wa Kampala: Nimenunua mbao Ndeeba, muuzaji anasema ni kavu. Nitajuaje?*
Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, kipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito. Kipime tena kila wiki. Kikiendelea kupungua, mbao bado ni mbichi: zipange kivulini kwa vijiti katikati, hewa ipite, na uzipake rangi kwenye ncha ili zisipasuke. Kisha kata kipande kipya upime tena, maana kipande kidogo hukauka kabla ya ubao; kisipopungua, anza kazi.

*Mwanachama wa Jinja: Mzee, nina kipande cha mvule. Kinafaa milango?*
Kinafaa, ila ni kizito, ongeza bawaba ya tatu. Na ufunge pua na mdomo unapopiga msasa, vumbi la mvule huwasha kifua.